Vidonda vya mdomoni visivyopona, kisha malengelenge

Mama mmoja aliingia kliniki ya ngozi ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Miezi minne hajala ugali. Hata uji husubiri upoe kabisa. Alishapewa dawa ya fangasi mara tatu. Halafu malengelenge yakamtoka kifuani na mgongoni, yakapasuka, shuka likawa linagandana na ngozi. Majirani wakaanza kusema katupiwa kitu.

Ugonjwa huu unaitwa pemfigasi. Seli za ngozi na za utando wa kinywa hushikana kwa protini, kama matofali yanavyoshikwa na udongo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikashambulia protini hizo. Seli huachana, maji hujaa katikati. Mdomoni lengelenge halikawii kupasuka, ndiyo maana hata mhudumu wa afya huona kidonda tu. Kwa wengi huanzia humo, wiki au miezi kabla ya ngozi, na huwapata zaidi watu wa makamo.

Hauambukizi. Mama huyu alikuwa ametengewa kikombe na sahani nyumbani. Nilimwita mumewe, nikamweleza naye akiwa amekaa pale pale.

Tusiuchanganye na mkanda wa jeshi, ambao hukaa upande mmoja wa mwili. Na malengelenge yanayotoka ghafla, siku au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya kama kotrimoksazoli au karbamazepini, pamoja na homa na macho mekundu, ni dharura: nenda hospitali siku hiyo hiyo, dawa zako mkononi.

Pemfigasi huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo chini ya ganzi na kukipeleka maabara. Kabla ya dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi walikufa. Leo prednisoloni, ambayo ni steroidi, mara nyingi pamoja na azathioprini, dawa nyingine ya kupunguza nguvu ya kinga, huutuliza. Dawa ya dripu iitwayo rituksimabu inafanya kazi vizuri zaidi, ila bei yake bado inawashinda wagonjwa wetu wengi, na hilo linaniuma. Prednisoloni isiachwe ghafla hata vidonda vikikauka; hupunguzwa kidogo kidogo, huku sukari na presha zikipimwa.

Kwa wenzangu wa zahanati: kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu, mpe mgonjwa rufaa. Andika kwenye barua tarehe kilipoanza na dawa zote alizokwisha kutumia.