Risasi kubwa haifidii shabaha mbovu
Hapa Bagamoyo, miongoni mwa wenye vibali vya uwindaji, husikika mara kwa mara kwamba bunduki kuu ya kuwindia wanyama wakubwa sharti itumie risasi kubwa kuliko zote, eti ukubwa huo utafidia shabaha iliyokosea. Dhana hiyo si sahihi, tena humtesa mnyama. Nyati hufa upesi pale kichwa cha risasi kinapopenya hadi kwenye moyo au mapafu. Akipigwa tumboni, hata kwa risasi kubwa ya .458 (namba hiyo ni kipenyo cha kichwa chake kwa inchi), hukimbilia kichakani na jeraha lake, akawa hatari kwa anayemfuata. Isitoshe, bunduki inayosukuma bega kwa nguvu mno humzoesha mpigaji kufumba macho na kufyatua kwa pupa.

Kwa maoni yangu, risasi inayofaa kazi nyingi ni .375 H&H Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912: kichwa chake cha greni 300, yaani takriban gramu 19, hutoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, kikamtosha nyati na pofu vilevile. Kwa kongoni, hakikisha kichwa ni cha kutanuka. Kile kigumu kisichotanuka huweza kumpenya, kikatokea upande wa pili na kumjeruhi mwingine aliye nyuma yake.