"Keshapona, dawa za nini tena?"

Mzee mmoja aliniwekea bahasha mezani. Ndani mlikuwa na vidonge vya mwanawe vya miezi 3, pakiti nzima nzima, zimefungwa pamoja kwa mpira. "Tumevitunza, daktari. Kijana alikuwa keshapona." Kijana mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, siku ya nne hajalala, akiwajibu watu ambao sisi wengine hatukuwasikia.

Simlaumu mzee yule. Lakini hilo "keshapona" nimelisikia hadi nalisikia usingizini, kwa hiyo leo nianze nalo, na mengine yasubiri.

Dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili alionao kijana yule, hukalia vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yaani milango ya kemikali inayopeleka ujumbe. Zikiwa hapo, ujumbe unaopita kwa fujo unapungua na sauti zinanyamaza. Zimenyamazishwa, hazijahama. Hii si malaria, kwamba ukimaliza dozi mmeachana.

Kinachoziponza familia ni kwamba mgonjwa akiacha vidonge, kesho yake haharibikiwi. Mara nyingi huonekana bora kuliko jana! Mikono haitetemeki tena, uso umechangamka, asubuhi anaamka bila kuvutwa. Ni kwa sababu madhara ya dawa huondoka mapema, na ugonjwa huchukua muda kurudi. Inapita wiki, inapita mwezi, ndugu wanaambiana, "Mnaona? Zile dawa ndizo zilikuwa zinamuumiza." Kisha usingizi unaanza kukatika. Anazima simu kwa sababu wanamsikiliza. Anaacha kula chakula alichopika mtu mwingine. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka vidonge vilivyoachwa zamani, na lawama inaangukia mtihani, msiba au mchumba aliyeondoka.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuatilia wagonjwa waliopata nafuu baada ya kuugua kwa mara ya kwanza. Ndani ya miaka 5, takriban 8 kati ya kila 10 walikuwa wameugua tena angalau mara moja, na kuacha dawa kuliongeza hatari hiyo karibu mara tano. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Hapa ndipo msomi wa familia hunitajia John Nash, yule mwanahisabati aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 1994. Ni kweli, Nash aliacha dawa mwaka 1970 na baada ya miaka mingi akapata nafuu. Wapo watu wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba hawana alama usoni, na miaka hiyo mingi kabla ya nafuu ilikuwa ya mateso kwake na kwa mkewe. Anayetaka kujaribu kupunguza, tukae, tupunguze kidogo kidogo kwa miezi huku tukimwangalia. Kuacha ghafla na kuja na bahasha siyo kujaribu.

Na madhara yapo, siyakatai. Haloperidoli inaweza kukakamaza mwili, olanzapini inanenepesha. Basi njoo uyaseme. Dozi hupungua, dawa hubadilishwa, na iko sindano ya mara moja kwa mwezi kwa anayechoka kumeza kila siku. Hiyo sindano ningeipendekeza mapema zaidi kuliko wenzangu wengi, maana wagonjwa wengi hawajioni kuwa ni wagonjwa. Si ubishi. Ubongo unaopaswa kuutambua ugonjwa ndio huo huo unaougua. Kumbe tunagombana naye juu ya kidonge cha ugonjwa ambao, kwake yeye, haupo.

Ushauri wangu mmoja ambao kila familia inauchoka: nunueni daftari. Kila asubuhi andikeni alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, basi, hakuna kingine. Usiku 3 mfululizo wa usingizi wa muda wa saa mbili au tatu tu, msingoje tarehe ya kliniki.

Haya, maneno mengine ninayoambiwa kuhusu wagonjwa hawa, kwa haraka.

Kwamba ana nafsi mbili, leo huyu kesho yule. Kosa liko kwenye jina. Mwaka 1908 daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, aliliunda kwa maneno ya Kigiriki ya kupasua na akili, akimaanisha kwamba fikra, hisia na utashi wa mtu vimeachana. Wajapani walichoshwa na jina hilo na kulibadilisha kwa lugha yao mwaka 2002. Nawaonea wivu.

Kwamba ni hatari, atatuua. Wengi wao hawamgusi mtu. Hupigwa na kuibiwa zaidi kuliko wanavyopiga. Ulevi na bangi ndivyo vinavyopandisha hatari, na hata hapo hofu yangu kubwa huwa asijidhuru mwenyewe.

Kwamba mama yake ndiye aliyemharibu. Aibu hii tuliianzisha sisi madaktari, katikati ya karne iliyopita, na akina mama bado wanaibeba. Urithi una nafasi kubwa bila kuwa hukumu: pacha wa kufanana mmoja akiugua, mwenzake huugua karibu nusu ya mara, au pungufu. Mama, usiniulize tena ulikosea wapi.

La mwisho linaniudhi kwa namna nyingine, kwa sababu husemwa wakati kila mtu angepaswa kufurahi. Sauti zimekwisha, kijana anameza dawa zake, lakini anashinda kitandani, haogi, ukimwambia jambo anakujibu neno moja. "Sasa huu ni uvivu, daktari." Hapana. Kukauka kwa hamu ni sehemu ya ugonjwa, na vidonge haviigusi sana. Ukimpigia kelele anazidi kujifunika shuka. "Badilika, jitafutie shughuli" ni maneno makubwa mno kwake. Mpe kazi moja yenye saa yake, na uifanye naye: "Saa 4 tunafua shati lako lile la bluu, mimi nitasuuza." Ikifika saa 4, uwe umeshajaza ndoo.