Likizo ya uzazi kwa yaya: maana yake, na nani alipe

Likizo ya uzazi ni muda ambao mwanamke aliyeajiriwa hupumzika kabla na baada ya kujifungua, huku kazi yake ikimsubiri. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Yaya anayeambiwa "nenda ukajifungue, mengine tutaona" hajapewa likizo. Ameachishwa kazi kwa sauti ya upole.

Mafao ya uzazi ni jambo jingine: ni fedha anazopata katika muda huo. Wengi huyachanganya haya mawili. Familia ikisikia likizo, mara moja huhesabu mishahara miwili, wa aliyeondoka na wa anayemshikia nafasi, kisha mazungumzo yanaishia hapo.

Yaya ni mfanyakazi, hata kama watoto wanamwita dada. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2011, unazitaka nchi zilizouridhia zichukue hatua ili wafanyakazi wa nyumbani wapate hifadhi ya jamii, ya uzazi ikiwemo, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya wafanyakazi wengine. Kiwango chenyewe kimo katika Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000: likizo isiyopungua wiki 14, na kati ya hizo 6 ni za lazima baada ya kujifungua. Fao likipimwa kwa mshahara, lisipungue theluthi mbili. Mama ana haki ya kurudi kwenye nafasi yake, au inayolingana nayo kwa malipo yale yale.

Lakini mkataba huohuo hautaki gharama imwangukie mwajiri mmoja peke yake. Kanuni yake ni kwamba fao litoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, kwa sababu mwajiri anayelipa kila kitu mfukoni huanza kukwepa kuajiri wanawake wenye umri wa kuzaa. Kwa familia, ambayo mwajiriwa wake ni mmoja tu, hoja hiyo ina nguvu zaidi. Afrika Kusini iliwaingiza wafanyakazi wa nyumbani katika mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira mwaka 2003: mwajiri huchangia asilimia 1 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 1, na anapojifungua mfuko ndio unaomlipa. Penye mfuko wa namna hiyo, swali la kwanza ni kama yaya ameandikishwa na michango inapelekwa kila mwezi.

Na pasipo na mfuko? Sheria ya nchi ikisema mwajiri alipe, hakuna mjadala. Ikiwa kimya, naamini familia inapaswa kulipa. Theluthi mbili ya mshahara kwa wiki 14 ni kama mishahara miwili na kidogo. Anayetenga sehemu ya kumi ya mshahara wa yaya kila mwezi atakuwa nayo ndani ya miaka miwili. Si kidogo kwa nyumba yenye kipato cha kubana, ila haifanani na ule mlima tunaouona tusipopiga hesabu.

Mtazame yaya mwenye mimba ya miezi saba akimtoa mtoto kwenye beseni: mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeegemea ukuta ili ainuke. Hasemi kitu, maana anaogopa akisema ataambiwa afungashe. Mara nyingi mama wa mtoto huyo alikuwa kwenye likizo yake mwenyewe, yenye malipo, siku yaya alipofika.

Ndiyo maana makubaliano yafanyike siku ya kuajiri, kabla hakujawa na mimba wala hofu. Yaandikwe: wiki ngapi, kiasi gani, kitalipwa lini, naye atarudi lini. Atakayeshika nafasi aambiwe tangu mwanzo kuwa ni ya muda.