Tuzo za majengo ya karne ya 20: yanayosemwa Tanga na yaliyo kweli

Ukitaja tuzo ya usanifu majengo mbele ya mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, wengi watakuambia ni mambo ya maghorofa ya kioo huko Dubai na Marekani. Siwalaumu, maana picha zinazozunguka kwenye simu ni hizo. Ila imani hiyo inatugharimu. Fundi anayeamini kwamba ujenzi wa kusifiwa uko mbali naye ataendelea kung'oa luva za mbao, yaani vibao vya dirisha vinavyopitisha hewa, na kupachika madirisha ya alumini ya kuteleza, hata kwenye nyumba iliyokuwa ikipitisha upepo vizuri tangu kabla ya Uhuru. Nimezikusanya dhana ninazozisikia mara kwa mara, na kila moja nimeiwekea ukweli wake.

"Tuzo ni za majumba ya kifahari"

Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan ilianzishwa mwaka 1977 na hutolewa kila baada ya miaka 3. Katika awamu ya kwanza, mwaka 1980, miongoni mwa washindi ulikuwamo mradi wa kuboresha kampung za Jakarta, Indonesia. Kampung hizo ni mitaa ya watu wa kipato kidogo, nyumba zimebanana na nyingi zilijengwa bila ramani. Mwaka 1969 jiji liliamua kutozivunja. Likatengeneza njia za miguu, mitaro ya maji ya mvua, mabomba, vyoo na zahanati, nyumba zenyewe likawaachia wenyewe. Watu walipoona kwamba hawafukuzwi, wakaanza kutoa fedha zao mfukoni kuimarisha kuta na mapaa. Aliyewahi kupita kwenye barabara zetu zenye namba wakati wa masika, maji yamejaa hadi kwenye vibaraza, hahitaji kuelezwa kwa nini majaji waliuhesabu mtaro kuwa ni usanifu.

Mwaka 1983 ulishinda Msikiti Mkuu wa Niono, Mali, uliojengwa kwa udongo chini ya fundi mkuu Lassiné Minta. Mwaka 1995 ikashinda hospitali ya Kaedi, Mauritania, iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa umbo la kuba, na mafundi wa hapohapo ndio waliofundishwa kuipandisha.

Mwaka ninaoupenda kuliko yote ni 1989. Mwaka huo Bangladesh ilipata tuzo mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa jengo la Bunge la Dhaka, kazi ya msanifu Louis Kahn, zege tupu lenye matundu makubwa ya duara na pembetatu, moja ya kazi nzito kabisa za karne nzima. Ya pili ilikwenda kwa mpango wa nyumba wa Benki ya Grameen. Mkopaji alipewa nguzo 4 za zege, sahani ya choo iliyokwisha kutengenezwa na bati 26, kuta akazijaza mwenyewe kwa mianzi au chochote alichonacho. Tena kulikuwa na sharti: hati ya kiwanja iandikwe jina la mkopaji, na wakopaji walikuwa wanawake. Majaji walewale, mwaka uleule, waliliweka bunge la taifa na kibanda cha mama wa kijijini kwenye orodha moja. Ukitaka kujua tuzo hizi zinatafuta nini, anzia hapo.

Wala jambo hili halikuwa mbali nasi kijiografia. Oktoba 1988 semina ya tuzo hiyohiyo kuhusu usanifu wa makazi ilifanyika Zanzibar, ng'ambo tu ya bahari.

"Wasanifu wakubwa wote walipata Pritzker"

Hawakupata. Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, ilianza mwaka 1979, na hupewa msanifu aliye hai kwa kazi zake zote, haitolewi kwa jengo moja. Frank Lloyd Wright alifariki 1959, Le Corbusier 1965, Mies van der Rohe 1969, Louis Kahn 1974. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa.

Mwafrika wa kwanza kuipata alikuwa Francis Kéré wa Burkina Faso, mwaka 2022, na kazi iliyomtambulisha ni shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika 2001 na kupata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Itazame shule hiyo kwa jicho la fundi. Dari ni ya matofali ya udongo yaliyopangwa bila saruji kati yake, yanapitisha hewa. Juu ya dari, paa la bati limenyanyuliwa kwa kenchi za nondo, limesimama peke yake. Hewa ya moto inapanda kupitia kwenye dari na upepo unaipeperusha kabla haijarudi kwa watoto. Sisi bati tunalilaza juu ya ukuta, chini yake tunabandika gipsamu isiyo na tundu hata moja, kisha saa 8 mchana tunahamia chini ya mwembe.

"Nyumba iliyosifiwa, kuishi humo ni raha"

Hapa ndipo wanapopotea wenye fedha zao.

Mwaka 1951 Mies alikamilisha nyumba ya Dk. Edith Farnsworth huko Plano, Illinois. Ni chumba kimoja cha chuma na kioo pande zote, kimenyanyuliwa juu ya nguzo kando ya Mto Fox. Mwaka 1981 chama cha wasanifu majengo wa Marekani kiliipa tuzo yake ya miaka 25, inayotolewa kwa jengo ambalo limesimama robo karne na bado lina la kufundisha. Ni nyumba nzuri kuitazama, sibishi. Lakini mwenye nyumba na msanifu walifikishana mahakamani kuhusu gharama. Kiangazi kioo kilipika chumba. Usiku taa zikiwashwa wadudu walijaa, ikabidi kibaraza kizungushiwe wavu, jambo ambalo Mies hakulipenda. Na mwaka 1954, pamoja na nguzo zote zile, mto ulifurika hadi ndani.

Villa Savoye ya Le Corbusier, iliyokamilika 1931 huko Poissy, Ufaransa, imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2016. Paa lake la bapa lilivuja vibaya mno, Bi. Savoye aliandika barua za malalamiko kwa miaka. Fallingwater ya Wright, nyumba ya mwaka 1937 juu ya maporomoko ya maji huko Pennsylvania, ilichaguliwa mwaka 1991 na wasanifu wa Marekani kuwa kazi bora kuliko zote za nchi yao. Nayo ilivuja, na vibaraza vyake vya zege vinavyoning'inia juu ya mto vilikuwa vikiinama kidogo kidogo hadi vilipofungwa kwa nyaya za chuma mwaka 2002.

Sisemi kazi hizi zilipewa sifa bure. Zilibadilisha namna dunia nzima inavyofikiri kuhusu ukuta, nafasi na mwanga, na tuzo nyingi hupima hilo. Tuzo ya Aga Khan kwa upande wake hudai jengo liwe limekwisha kutumika angalau mwaka mmoja, na hutuma wataalamu kulikagua na kuzungumza na wanaolitumia. Kwa hiyo kabla hujamwambia fundi akujengee "kama hii ya kwenye picha", uliza tuzo hiyo ilipima kitu gani. Raskazone, hapa Tanga, siku hizi ziko nyumba zenye ukuta mzima wa kioo unaotazama jua la mchana, pazia halifunguliwi, kiyoyozi hakizimwi, na mwenyewe ananunua umeme wa LUKU kila baada ya siku chache huku upepo wa bahari ukipita nje ya dirisha lisilofunguka vizuri.

"Pruitt-Igoe ilishinda tuzo kisha ikalipuliwa"

Simulizi hii inarudiwa sana madarasani: majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, St. Louis, Marekani, yaliyochorwa na Minoru Yamasaki, yakakamilika katikati ya miaka ya 1950, yakapata tuzo, kisha serikali ikaanza kuyalipua mwaka 1972. Inatumiwa kuthibitisha kwamba usanifu wa kisasa ulishindwa na kwamba watu wa kipato kidogo hawawezi kukaa ghorofani.

Pruitt-Igoe haikupata tuzo yoyote ya usanifu. Mradi mwingine wa ofisi hiyohiyo, katika jiji hilohilo, ndio uliopata, na wasimuliaji wakachanganya. Kasoro za mchoro zilikuwapo: lifti zilisimama kwenye baadhi ya ghorofa tu, anayeishi ghorofa nyingine akamalizia kwa ngazi gizani. Lakini kubwa zaidi ilikuwa fedha. Matengenezo yalitegemea kodi ya wapangaji, jiji likawa linakimbiwa na watu, vyumba vikabaki vitupu, kodi ikapungua, bomba likipasuka hakuna wa kulitengeneza. Ongeza ubaguzi wa rangi uliowafungia watu weusi maskini sehemu moja. Hakuna mchoro unaoweza kubeba hayo yote. Maghorofa ya Michenzani, Unguja, yaliyoanza kujengwa wakati Pruitt-Igoe inafikia mwisho wake, familia bado zinaishi humo hadi leo.

"Sifa ni ya msanifu peke yake"

Denise Scott Brown, msanifu majengo, alizaliwa mwaka 1931 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alifanya kazi bega kwa bega na mumewe, Robert Venturi, ofisi moja, mawazo mamoja. Mwaka 1991 Pritzker alipewa mume pekee. Mwaka 2013 maelfu ya watu waliomba kosa hilo lirekebishwe, wakakataliwa. Wasanifu wa Marekani walibadili kanuni zao, na mwaka 2016 wakawapa wote wawili medali yao ya dhahabu.

Tuzo ya Aga Khan hugawa heshima na fedha kati ya msanifu, fundi, mhandisi na hata mteja. Kwetu, tazama jiwe la msingi la jengo lolote la umma: utakuta jina la mgeni rasmi na tarehe. Aliyechora hayupo. Fundi mkuu hayupo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndiyo njia ya haraka kabisa ya kupoteza historia ya ujenzi.

"Majengo ya zamani ya Tanga yote ni ya Wajerumani"

Wajerumani waliacha Boma na mwanzo wa reli iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, na mengine kadhaa. Lakini waliondoka mwaka 1916. Sehemu kubwa ya katikati ya mji unayoiona leo ilijengwa baada ya hapo, kwa fedha za mkonge na biashara ya Wahindi: duka chini, familia juu, kibaraza kinachofunika njia ya miguu. Maktaba ya mkoa, iliyopewa jina la Mfalme George wa Sita, ni ya miaka ya 1950. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa zikawa za Msajili wa Majumba, ndiyo sababu wazee bado wanasema "nyumba ya Msajili", ingawa tangu 1990 ziko chini ya Shirika la Nyumba.

Simama chini ya jumba mojawapo la zama hizo utazame juu. Kuna bapa la zege, upana kama wa kiganja na vidole, limetokeza juu ya kila dirisha. Saa 6 mchana kivuli chake kinafika kizingitini. Pembeni kuna mabapa ya wima yanayokata jua la jioni. Ngazi imefungwa kwa matofali ya matundu, mwanga unaingia, mvua haiingii. Juu kabisa, kwenye plasta, kuna mwaka wa ujenzi.

Na wanaosema mtindo huo uliletwa kutoka Ulaya ukiwa tayari hawajamfuatilia Ernst May, msanifu wa Kijerumani. Huyu alijenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi Frankfurt kati ya 1925 na 1930, kisha mwaka 1934 akaingia Tanganyika na kuanza kulima. Aliporudi kuchora majengo ilimbidi ajifunze jua la huku. Jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa Moshi na Makumbusho ya Uganda, 1954, ni kazi zake, na zote zimeshughulikia kivuli na upepo kwa namna ambayo Frankfurt haikuhitaji.

"Jengo la zamani serikali inalilinda"

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linalindwa pale tu linapotangazwa rasmi. Maana yake karne ya 20 yote haina ulinzi mpaka mtu alitaje jengo kwa jina. Ghorofa la mwaka 1952 lenye luva zake zote linaweza kushushwa kwa kibali cha kawaida cha ujenzi.

Basi kabla ya kubadili dirisha moja, piga picha nyumba nzima, ndani na nje, pima vyumba uchore ramani, na uwaulize wazee jina la fundi. Makumbusho ya Urithi Tanga yako palepale kwenye Boma la zamani, na picha za majengo ya mji ni kazi yao. Luva iliyovunjika seremala yeyote mzuri anaweza kuitengeneza kwa mbao, ubao mmoja baada ya mwingine, bila kugusa fremu.