Imeanza lini?

Mtu akiingia na mbwa wake akaniambia, "Daktari, huyu siku hizi simwelewi," swali langu la kwanza huwa lile lile: imeanza lini? Wengi hushangaa. Walitarajia niulize mbwa anafanya nini, nami nataka tarehe. Lakini kwa miaka niliyotibu mbwa nimejifunza kwamba kitendo kimoja kinaweza kuwa si lolote kwa mbwa huyu na kikawa ugonjwa kwa yule. Chukua kuzunguka kabla ya kulala. Aliyezunguka mara tatu tangu utotoni anatengeneza malalo yake, ndiyo silka aliyozaliwa nayo. Aliyeanza kuzunguka mwezi uliopita, akajaribu kushuka, akasita, akazunguka tena, huyo anatafuta mkao usioumiza nyonga. Ukiwatazama kwa dakika moja tu hutawatofautisha. Anayewajua tangu zamani ndiye atakayewatofautisha, na mtu huyo ni wewe uliye naye nyumbani, si mimi.

Swali ninaloletewa kuliko yote, hata hivyo, si la ugonjwa. Ni la mbwa "anayejua kosa lake". Mwenye mbwa anarudi jioni, anakuta godoro limechanwa, na mbwa yuko pembeni kainamisha kichwa, masikio yamelala nyuma, mkia umefyata, anatazama kwa upande. "Si unaona, Daktari? Anajua kabisa alichofanya!" Basi anachapwa, na kesho yake anachana tena, na mwenyewe anazidi kuamini kwamba mbwa ana kiburi.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hili kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Alipokuwa nje, wengine walikila na wengine hawakupata nafasi ya kukila, na wenye mbwa hawakuambiwa ukweli kila mara. Mwingine aliambiwa mbwa wake kala ilhali hajala. Ule uso wa majuto haukufuata kosa, ulifuata kukaripiwa. Na ulijitokeza zaidi kwa mbwa waliokaripiwa bila kosa lolote.

Naomba utulie kidogo kwenye hilo, maana mbwa wengi sana wanaumizwa kwa kutoeleweka hapa. Mbwa anayejikunja mbele yako hakiri kosa. Anakusoma: miguu yako imekanyagaje, sauti imepandaje, bega limekakamaa vipi. Kisha anakuomba upoe kwa lugha pekee aliyo nayo. Ukimpiga saa hiyo haunganishi fimbo na godoro alilochana saa nne zilizopita. Anaiunganisha na kuingia kwako. Nimewahi kumhudumia mama mmoja ambaye mbwa wake alikuwa akikojoa kila mlango ulipofunguliwa. Alimchapa kwa kukojoa, na kadiri alivyochapa ndivyo mkojo ulivyozidi. Nilimwambia aingie kimya, asimwinamie, apite kama hakumwona, akae chini, amwache mbwa aje mwenyewe. Alikuja tena baada ya wiki kadhaa, akaniambia sakafu ni kavu. Alilia kidogo aliposema hivyo, nami sikuona haja ya kumwongezea neno.

Na godoro je? Hapo narudi kwenye lini. Mtoto wa mbwa wa miezi minne hadi saba anatafuna kwa sababu meno yake 28 ya utotoni yanang'oka na 42 ya utu uzima yanaota. Mpe kitu chake cha kutafuna na uondoe viatu njiani. Mbwa mzima anayechana nyakati za mchana mtupu, bila mazoezi wala mtu wa kucheza naye, anahitaji matembezi na kazi ya kufanya. Lakini yule anayeanza kubweka, kutweta na kuparua mlango mara tu unapotoka, huyo ana hofu ya kuachwa peke yake, na hofu haitibiwi kwa adhabu. Anazoeshwa: unatoka nusu dakika, unarudi kabla hajaanza kuhangaika, kesho dakika moja, keshokutwa mbili. Ni kazi ya subira, na hakuna njia fupi ninayoijua.

Mkia nao huwadanganya watu. Kutikisa mkia ni dalili kwamba mbwa amesisimka. Kama amesisimka kwa furaha au kwa hasira, mkia peke yake hausemi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Giorgio Vallortigara akiwa mmoja wao, waliwapima mbwa 30 wakaona kwamba mbwa akimwona anayemfuga, mkia huelekea zaidi kulia kwake. Akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelekea zaidi kushoto. Ni jambo zuri kulijua, ila usisimame mbele ya mbwa usiyemjua ukipima kulia na kushoto. Tazama mwili mzima. Mbwa mwenye furaha hulegea, kiuno kinayumba pamoja na mkia, mdomo wazi. Mkia uliosimama juu, unaotetemeka kwa haraka, mwili ukiwa mkavu kama ubao na mdomo umefumbwa, hapo ondoka taratibu.

Kabla ya kuuma, mbwa karibu wote husema. Hugeuza kichwa, hujilamba pua pasipo chakula, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa jicho, huganda. Yote hayo yakipuuzwa, hunguruma. Ndiyo maana huniuma ninaposikia mtu amemfundisha mbwa wake asingurume kwa kumpiga. Hakuiondoa hofu. Ameondoa onyo, na siku nyingine mbwa huyo atauma kimya.

Mzee mmoja aliniletea mbwa wa miaka tisa aliyekuwa ameishi na wajukuu tangu wazaliwe. Wiki ile alikuwa amemng'ata mmoja wao mkononi. Mzee alikuwa ameshakata shauri. Alitaka nimlaze mbwa usingizi wa mwisho. Nikauliza lini, na mtoto alikuwa akifanya nini. Alikuwa amemkumbatia kichwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilipofunua sikio la kushoto harufu ilinijibu kabla ya macho: usaha umejaa hadi ndani. Mbwa yule alikuwa amevumilia maumivu kwa siku nyingi bila mtu kujua, kisha mkono wa mtoto ukabana palepale. Tulimtibu, na mzee akarudi naye nyumbani. Tangu hapo nasema kwa msisitizo: mbwa mpole anayegeuka mkali ghafla, mpime kwanza. Sikio, jino lililovunjika, mgongo, viungo vya uzeeni.

Kuna badiliko moja la ghafla ambalo halina mjadala. Mbwa akibadilika kwa siku chache, mkali akawa mnyonge au mpole akawa mkali, sauti ikakwaruza, udenda ukamtoka, akashindwa kumeza, akawa anang'ata hata mawe na vijiti, chukulia kwamba ni kichaa cha mbwa. Usiingize mkono mdomoni mwake ukidhani amekwamwa na mfupa. Kosa hilo limewaponza watu. Karibu asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Lakini kati ya kung'atwa na dalili kuna nafasi, na nafasi hiyo inaokoa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Na mbwa wako achanjwe akifika miezi mitatu, kisha arudie kwa ratiba ya daktari.

Mengine mengi yanayowatia watu wasiwasi ni mepesi zaidi. Kula majani, kwa mfano. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilikusanya maelezo ya wenye mbwa mwaka 2008, na ilionekana kwamba chini ya mbwa mmoja kati ya 10 walionekana kuumwa kabla ya kula majani, na kama mmoja kati ya watano ndio hutapika baadaye mara kwa mara. Kwa wengi ni sehemu ya kuwa mbwa tu. Angalia majani yasiwe yamepuliziwa dawa. Kuparua ardhi baada ya kujisaidia si usafi. Miguuni mna tezi zinazoacha harufu, naye anaongezea saini yake. Kuburura makalio sakafuni mara nyingi ni tezi za pembeni mwa njia ya haja zimejaa, au minyoo. Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye manyoya ya nyuma, hao ni tegu, na mbwa huwapata kwa kumeza kiroboto wakati anajitafuna. Dawa ya minyoo bila kuua viroboto itakurudisha kwangu baada ya miezi michache.

Pua kavu haimaanishi homa. Homa hupimwa kwa kipimajoto, na mbwa mzima wa afya ana nyuzi 38 hadi 39 na ushei, joto ambalo kwako lingekuwa la kukulaza kitandani.

Majike, wamiliki huwaelewa kidogo kuliko madume, nami huona wanastahili maelezo marefu. Kama miezi miwili baada ya joto, yaani zile siku jike anapomtaka dume, jike ambaye hakupandwa kabisa anaweza kuanza kuchimba kiota, kubeba kiatu kama mtoto, kunguruma ukikigusa, hata kutoa maziwa. Homoni za jike baada ya joto hufanana sana, awe na mimba au asiwe nayo, na mwili wake unaamini siku 63 za kubeba zimetimia. Hiyo ni mimba ya uongo. Usimkamue, maana kukamua huzidisha maziwa. Mtembeze, ondoa kiatu akiwa hayupo, na kwa kawaida hali hupita yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Ila katika kipindi hicho hicho akianza kunywa maji kupita kiasi, akakataa chakula, akazubaa, na pengine ukaona uchafu unamtoka nyuma, usisubiri kesho. Huo ni usaha kwenye mji wa mimba, na unaua.

Na hili nalisema kila ninapopata nafasi: mbwa wakinasana wakati wa kupandana, waache. Sehemu ya chini ya uume wa dume huvimba ndani ya jike, na misuli ya jike huibana. Wataachana wenyewe, kwa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 30. Kuwamwagia maji au kuwavuta huwachana wote wawili, na nimeshona majeraha ya namna hiyo ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kuwepo.

Juu ya matunzo ya kila siku nina machache. Sabuni ya watu hukausha ngozi ya mbwa, kwa hiyo tumia ya mbwa, na usimwogeshe kila wiki kama hana shida ya ngozi. Ukisikia kucha zikigonga sakafu anapotembea, zimekuwa ndefu. Chokoleti, zabibu, vitunguu, na kitu chochote kilichotiwa zailitoli, utamu unaotumika badala ya sukari, viwe mbali naye. Na dawa zako za maumivu usimgawie hata robo: ibuprofeni humtoboa tumbo na kuua figo, paracetamoli huharibu ini na damu. Mbwa mwenye tumbo lililovimba ghafla anayejitahidi kutapika bila kutoa kitu, mpakie uje naye saa hiyo, iwe usiku au mchana.

Jambo la mwisho ni simu yako. Mbwa wengi wakifika kwangu husimama wima kama askari, na kile kitendo kilichomleta hakionekani. Mrekodi nyumbani. Kijana mmoja alikuja akihema, akiwa na hakika mbwa wake anakaribia kufa kwa kukosa pumzi. Mezani mbwa alikuwa mzima kabisa. Alinionyesha video: mbwa kasimama, shingo kainyoosha, anavuta hewa puani kwa mkoromo mkali, mara kumi hivi, kisha anajitikisa na kuondoka kucheza. Ni chafya ya kurudi nyuma. Koo la juu huwashwa, hewa huvutwa ndani badala ya kutoka, na kumpapasa koo taratibu humsaidia kutulia. Nikamuuliza lile swali langu. Akapekua simu, akakuta video nyingine, na nyingine tena. Ya kwanza ilikuwa na miaka miwili, mbwa akiwa bado mdogo, akifanya vilevile kabisa.