Kumtumaini Mungu Njia Isipoonekana: Maana Yake katika Imani ya Kikristo

Mkristo anaposema, "Namtumaini Mungu aniongoze," mara nyingi huwa anamaanisha kwamba anangoja kuonyeshwa njia. Hata hivyo, andiko linalonukuliwa mno kuhusu jambo hili, Mithali 3:5-6, halisemi hivyo. Linasema: "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe, katika njia zako zote mkiri yeye, naye atayanyosha mapito yako." Ahadi iliyomo humo ni ya kunyosha, si ya kuonyesha, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili, ambavyo sikio huvichanganya kwa urahisi, ndiyo inayobeba maana ya dhana nzima. Anayeonyeshwa njia huiona kabla ya kuipita, lakini anayenyoshewa mapito huenda asijue kwamba yamenyoka mpaka atakapogeuka na kutazama alikotoka. Ndivyo Waebrania 11:8 inavyomweleza Ibrahimu, kwamba alitoka "asijue aendako", na bado mwandishi anaihesabu safari hiyo kuwa ni utii.

Neno "usizitegemee" nalo linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa maana wapo wanaolisoma kana kwamba linakataza kufikiri. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kina maana ya kuegemea kwa uzito wa mwili, na ndicho kinachotumika katika 2 Samweli 1:6 kumweleza Mfalme Sauli akiwa ameuegemea mkuki wake juu ya mlima Gilboa, magari ya adui yakimkaribia. Mkuki ni silaha nzuri, lakini haukuumbwa kubeba maisha ya mtu. Akili ni hivyo hivyo. Mtu aliyepata barua ya uhamisho wa kikazi anapaswa kuuliza habari za nyumba, shule ya watoto, nauli, na nani atakayebaki na mama yake mgonjwa; anapaswa kuomba, na kutafuta shauri la watu wazima katika imani wanaomfahamu. Kinachokatazwa ni kuuegemeza moyo wote juu ya hesabu hizo, hata zikivunjika mtu naye avunjike.

Kwangu mimi hakuna mahali ambapo dhana hii inaonekana kwa karibu kama katika Matendo 16. Paulo, Sila na kijana Timotheo walikuwa wakitembea katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Walitaka kuhubiri katika jimbo la Kirumi lililoitwa Asia, wakakatazwa na Roho Mtakatifu. Wakajaribu kwenda kaskazini, Bithinia, na huko pia "Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa". Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haelezi walikatazwa kwa namna gani, wala hatoi sababu hata moja. Kusoma mistari hiyo ni kazi ya dakika moja, lakini kwa miguu ni mamia ya kilometa, siku baada ya siku, watu watatu wakiwa na wito wa kweli na bila mahali pa kuutimizia, hadi wakafika Troa, mji wa pwani, ambako mbele yao palikuwa na bahari tu.

Hapo Troa, usiku, Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi: "Vuka uje Makedonia utusaidie." Msomaji wa haraka huishia kwenye maono, ilhali mstari unaofuata ndio unaofundisha zaidi. Luka anasema "tuliona hakika ya kwamba Mungu ametuita", na kitenzi cha Kigiriki alichokitumia kina maana ya kuunganisha mambo pamoja mpaka yakaleta uamuzi. Paulo ndiye aliyeona, lakini walioona hakika ni "sisi". Waliiweka milango miwili iliyofungwa kando ya maono ya usiku mmoja, wakapima kwa pamoja, wakavuka. Kwa sababu hiyo nina mashaka na desturi ya kusema "Bwana ameniambia" kwa namna inayowafunga wengine midomo, na pia na ile ya kufungua Biblia popote na kuweka kidole juu ya mstari wa kwanza. Uongozi ambao hauvumilii kupimwa na ndugu haufanani na ule wa Troa.

Tena, kuvuka hakukuleta wepesi. Huko Filipi Paulo na Sila walipigwa kwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale, jambo linalopaswa kutuzuia tusiseme upesi kwamba kila ugumu ni dalili ya kupotea njia. Lakini kabla ya gereza hilo, siku ya Sabato, kando ya mto, Bwana alikuwa ameufungua moyo wa mwanamke mmoja, Lidia, muuzaji wa rangi ya zambarau. Alikuwa mwenyeji wa Thiatira, na Thiatira ni mji wa Asia, jimbo lile lile walilokatazwa. Baadaye Paulo mwenyewe alikaa Efeso, katika Asia, kwa zaidi ya miaka miwili. Bithinia nayo haikusahauliwa: Waraka wa Kwanza wa Petro unawasalimu waamini wa huko, na yapata mwaka 112 gavana wa Kirumi Plini alimwandikia Kaisari Trajani kwamba Wakristo wa eneo hilo walikuwa wengi kiasi cha mahekalu kukaribia kuachwa. Hakuna hata moja ya mambo hayo lililoonekana kutoka barabarani.

Pwani yetu ina habari inayofanana na hiyo. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alitamani kuwafikia Waoromo, na njia ya Uhabeshi (Ethiopia) ilipofungwa, akafika Mombasa mwaka 1844 akitumaini kuwaendea kutokea kusini. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Utume aliouota kwa Waoromo haukusimama mikononi mwake. Wakati huo alijifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia.