Kutu Ina Njia Yake: Dhana Potofu Kuhusu Modeli ya Gari la Mbio Lililotelekezwa

Mezani kwangu hapa Chumbageni, Tanga, pana modeli ya gari la mbio la Kimarekani, Willys la mwaka 1941, yenye urefu wa sentimita 18 hivi. Ni ya plastiki, kipimo cha 1 kwa 25, yaani sentimita moja hapa ni sentimita 25 kwenye gari halisi. Niliunganisha bodi, nikaipiga msasa, nikaipulizia rangi nyekundu, halafu nikaanza kuizeesha, yaani kuifanya ionekane gari lililotelekezwa na kuliwa na kutu. Mtoto wa jirani, ambaye amekuwa akifuatilia kazi tangu siku ya kwanza, alishindwa kuvumilia: "Kaka, mbona unaliharibu na lilikuwa zuri?"

Watu wazima nao huniuliza hivyohivyo, ila wao huongeza maelezo, na ndani ya maelezo hayo ndimo zilimo dhana ninazotaka kuzisahihisha. Baadhi nilikuwa nazo mimi mwenyewe kwa miaka.

"Kuzeesha gari ni kulipaka kahawia"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Modeli yangu ya kwanza niliipaka kahawia kuanzia paa hadi rimu, na matokeo yake yalikuwa gari la rangi ya kahawia. Halikuwa limechakaa hata kidogo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, fundi wa kunyoosha bodi kule Ngamiani. Nilimwamkia, nikamwonyesha ile modeli. Akaigeuzageuza kiganjani, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mvua ikinyesha, maji ya gari hili yanatuama wapi?" Sikuwa na jibu. Akanishika mkono, tukazunguka gari moja bovu lililokuwa uani kwake, akawa ananionyesha sehemu moja baada ya nyingine.

Chuma hushika kutu pale kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo kutu haitokei popote tu. Hutangulia chini ya milango, ambako vitundu vya kutolea maji huzibwa na vumbi. Hufuata kwenye maungio ya bati mbili, kandokando ya raba ya kioo cha mbele, ndani ya madigadi ambako tope huganda, na kwenye sakafu chini ya zulia. Katikati ya mlango maji huteleza na kukauka mapema, hivyo pale rangi hudumu.

Paa na boneti vina adui mwingine, jua. Rangi nyekundu hupauka kuelekea waridi, ikawa na unga kama chaki ukiipitishia kidole. Baadaye praima, ile rangi ya kwanza ya chini, huchungulia, na mwisho bati hupata utando mwembamba wa kahawia. Gari moja basi linazeeka kwa namna mbili, juu kwa jua na chini kwa maji, na ukizichanganya namna hizo jicho la mtazamaji hukataa hata kama hajui kwa nini.

Kutu pia ina umri. Mpya ina rangi ya chungwa. Ya zamani ni kahawia iliyokolea, karibu na weusi. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, rangi ya juu huvimba malengelenge kabla tundu halijatokea. Malengelenge hayo mimi huyatengeneza kwa kudonoa rangi nzito kwa ncha ya brashi, tabaka juu ya tabaka, na hapo sina haraka.

Matundu yana hesabu yake. Bati la bodi lina unene wa milimita moja hivi. Ukiigawa kwa 25 unapata sehemu nne za mia za milimita. Plastiki ya modeli ina milimita moja nzima, kwa hiyo ukitoboa tundu hivihivi utaonyesha gari lenye kuta za sentimita mbili na nusu, nene kama ubao wa jahazi. Inabidi ukwangue kwa ndani kwa ncha ya kisu mpaka plastiki ipitishe mwanga, ndipo umegue ukingo taratibu.

"Chumvi na spreyi ya nywele ni ushirikina wa mafundi"

Ni mbinu, na zinafanya kazi kwa sababu inayoeleweka. Unapaka kwanza rangi za kutu, unazifunika kwa vanishi, kisha unapulizia spreyi ya nywele, halafu rangi ya gari ya aina ya maji. Baada ya nusu saa hivi unalowesha sehemu uliyoichagua na kuisugua kwa brashi ngumu. Spreyi huyeyuka kwa maji, rangi ya juu hubanduka, na kutu iliyokuwa chini hujitokeza kama kwenye gari halisi. Chumvi nayo hufanya kazi ya kuziba: punje hukaa juu ya kutu, unapulizia rangi, unaziondoa, panabaki mabaka. Chumvi ya mawe ya sokoni itwange kwanza na kuichekecha. Punje ya milimita mbili ni baka la sentimita tano kwenye gari halisi.

"Kila kitu kwenye gari bovu huwa chekundu"

Hapa ndipo modeli nyingi nzuri huanguka. Kutu nyekundu ni ya chuma peke yake. Magari ya mbio za dragi, zile mbio fupi za kasi ambazo Willys wangu alikuwa akishindana, yalipunguzwa uzito kwa makusudi, na mengi yalifungwa boneti au madigadi ya mbele ya faibaglasi. Faibaglasi haishiki kutu. Hupasuka nyufa ndogondogo, rangi yake hubambuka, na nyuzi huonekana kwenye kingo zilizovunjika. Madirisha yaliyobadilishwa kutoka kioo kwenda plastiki hupata ukungu na umanjano. Alumini hufifia ikawa kijivu na kutoa unga mweupe, hasa kuzunguka boliti za chuma. Rimu za magnesiamu, zilizopendwa sana na madereva wale, hugeuka kijivu cheusi chenye vidonda vyeupe. Ukipaka kutu nyekundu kwenye rimu ya magnesiamu, umebadilisha madini ya gari bila kujua.

Kabla sijashika brashi sasa huandika karatasi nzima: kipande hiki chuma, hiki alumini, hiki faibaglasi. Ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

"Matairi yale ya nyuma yamekwisha"

Kipara ndivyo yalivyotoka kiwandani. Mbio za dragi hukimbiwa kwenye njia iliyonyooka, magari mawili sambamba, kwa kawaida kwa robo maili, yaani mita 402. Kwa kipimo cha modeli yangu ni mita 16 tu. Hakuna kona wala maji ya kukwepa, hivyo tairi laini lisilo na kashata hugusa lami kwa upana wake wote. Tairi la gari lililotelekezwa linajulikana kwa mambo mengine: limekaa bapa kwa chini, lina nyufa ubavuni, na weusi wake umekuwa kijivu.

"Pua imeinuliwa kwa madoido"

Willys wangu ni wa aina iliyoitwa gasa, kwa kuwa daraja lake la mashindano lilitumia petroli ya kawaida ya pampu badala ya mafuta maalumu ya mbio kama pombe au nitromethani. Madaraja hayo yalishamiri miaka ya 1950 na 1960 chini ya National Hot Rod Association, chama kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Madereva waliinua sehemu ya mbele, mara nyingi kwa kufunga ekseli moja iliyonyooka na springi za majani (mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine), ili gari likichomoka uzito uhamie nyuma na matairi ya nyuma yabane lami. Willys alipendwa kwa sababu alikuwa mdogo na mwepesi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza jipu za Vita Kuu ya Pili, ambazo wazee wetu wanazijua vizuri.

"Injini lazima ionekane imeozea ndani"

Nilisita sana hapa, maana injini ndiyo kipande kinachonipa raha kukiunganisha. Lakini fikiri kama mwenye gari. Injini ya asili ya Willys ilikuwa ya silinda nne, lita 2.2. Wakimbiaji waliitoa wakaweka V8, injini ya silinda nane, wengine wakapachika juu yake blowa ya GMC 6-71, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini kilichotokana na injini za dizeli za malori na mabasi. Vitu hivyo vilikuwa na thamani kuliko bodi yenyewe. Siku gari lilipoacha kushindana, injini, giaboksi na blowa viliuzwa au kuhamishiwa gari jingine, na kilichosukumwa nyuma ya banda ni kasha tupu.

Hilo lina tokeo ambalo wengi hulisahau. V8 ya chuma kama Hemi ya Chrysler ina zaidi ya kilo 300. Ukiiondoa, springi za mbele hupumua na pua hupanda juu zaidi kuliko siku za mashindano. Ukitengeneza gasa lisilo na injini, inua pua. Nami mwishowe niliiacha injini ndani ya boksi, nikaweka nyaya zilizokatwa, bomba la maji lililolegea, na doa la oili sakafuni.

"Tanga kuna kutu tele, nakili tu unachokiona"

Bahari yetu ni mwalimu mzuri, lakini anafundisha somo lake. Upepo wa kusi hupeperusha chumvi na kuitua kila mahali, ndiyo maana vyuma vya Raskazone, ufukweni hapa Tanga, huliwa hata sehemu za juu ambazo maji hayatuami. Gari lililoachwa kwenye jangwa la Arizona hupauka vibaya huku bati likibaki zima. La Ohio au Michigan, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huoza kuanzia chini. Kabla ya kupaka chochote amua gari lako lilifia wapi. Langu nimelipa shamba la Ohio, chini ya mti, kwa hiyo sakafu imetoboka na paa lina ukungu wa kijani upande wa kivuli.

Nyasi kavu zinazolizunguka, hata hivyo, ni za kwetu: nyuzi za mkonge zilizokatwa na kutiwa chai ya rangi. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na sijaona kitu kinachofanana na nyasi kavu kwa kipimo hiki kama nyuzi zake.

"Pulizia vanishi alfajiri, kabla ya joto"

Ushauri huu uliniharibia bodi nzima wakati wa masika. Vanishi ilikauka ikiwa na utando mweupe kama maziwa. Hapa pwani unyevu wa hewa huwa mwingi zaidi alfajiri. Tina inapoyeyuka hupoza uso wa rangi, na unyevu huganda humo. Mchana wa jua, kivulini, ndio wakati wake.

"Kutu halisi haishindwi na rangi"

Hushindwa isiposagwa. Stili waya iliyolowekwa kwenye siki hutoa rangi nzuri kweli, na kutu iliyokwanguliwa kwenye reli ya chuma ni unga wa bure. Lakini chenga ya nusu milimita ni kokoto ya zaidi ya sentimita moja. Isage, ichuje kwa soksi ya nailoni, ndipo uitumie, na kwa uchache.

"Maandishi yakipauka, yafute tu"

Majina milangoni yaliandikwa kwa mkono, kama majina ya mashua zetu pale Deep Sea. Herufi hukinga rangi iliyo chini yake. Herufi zikibambuka, pale zilipokuwa hubaki wekundu uliokolea kuliko mlango uliozizunguka, na jina husomeka kwa kivuli chake. Kwa modeli, nilibandika herufi za utepe mwembamba juu ya nyekundu nzito, nikapulizia nyekundu iliyopauka, nikazibandua. Nilirudia mlango huo mara tatu.

Juzi yule mtoto aliinama akausoma, herufi kwa herufi, akakwama kwenye ya nne. Ya nne iko chini ya kona ya dirisha, na hapo ndipo maji yalipopita.